Jipu la unyayo kwa kuku wa uani: kulitibu nyumbani hatua kwa hatua

Mkamate kuku jioni, akishapanda kichanjani kulala. Saa hizo hakimbii, hapigi mbawa, na wewe hutokwi jasho. Osha unyayo kwa maji safi kabla hujasema lolote, maana tope la masika likikauka chini ya mguu huwezi kulitofautisha na kigaga. Washa tochi ya simu, utazame katikati ya unyayo, pale penye nyama nene, kisha utazame mguu wa pili. Kigaga cheusi au cha kahawia kilichokaa katikati, huku nyama inayokizunguka imevimba, imekaza na ina joto kuliko mguu mwenzake, hilo ni jipu la unyayo. Kuku huyo pengine bado hajaanza kuchechemea. Wengi huchechemea jipu likiwa limeshakaa wiki kadhaa.

Anayelisababisha mara nyingi ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Huyu anaishi kwenye ngozi ya ndege na ya binadamu bila kuleta shida, anangoja upenyo. Upenyo huo ni mchubuko mdogo, mwiba, au ngozi iliyolainika kwa kukanyaga maranda mabichi siku nyingi.

Sasa kuna jambo moja ambalo ukilielewa, matibabu yote yanajieleza. Usaha wa kuku si maji. Chembe nyeupe za damu yake hazina kimeng'enya cha kuyeyusha usaha kama chetu, kwa hiyo usaha hukauka na kushikamana ukawa kiini kigumu cha rangi ya njano, kinachomung'unyuka kama kiini cha yai lililochemshwa mno. Ndiyo maana jipu hili haliivi likapasuka lenyewe. Ndiyo maana pia ukilichanja hupati kitu cha kutiririka, unapata damu tu. Na ndiyo maana dawa ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa haifanyi kitu ikiwa peke yake: ndani ya kiini hamna mishipa ya damu, dawa itafikaje huko? Kazi yako ni kulainisha, kukitoa kiini kikishalegea, kuweka kidonda kikavu na kisafi, na kuondoa kile kilichomuumiza. Kisu ni cha mwisho, na tutasema mbele kwa nini tunakiogopa.

Kwanza hakikisha ni jipu

Mwambao huu wa Tanga una mambo mengine yanayoharibu miguu ya kuku. Magamba yakiwa yamenyanyuka na kuweka ukoko mweupe, kwa kawaida miguu yote miwili, hao ni utitiri wanaochimba chini ya magamba. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, isugue taratibu kwa mswaki wa zamani, ikaushe, kisha uipake mafuta ya nazi au vaselini mazito kila baada ya siku mbili kwa wiki nne. Watibu kuku wote wa banda, hata wanaoonekana wazima. Mafuta ya taa yaache kwenye taa. Yanaua utitiri, ni kweli, lakini yanaunguza ngozi, na ngozi iliyoungua ndiyo mlango wa jipu.

Kidole kimoja kikivimba na kugeuka rangi ya zambarau, tafuta uzi. Kwa Tanga hili ni la kila siku: nyuzi za mkonge zilizochomoka kwenye kamba, vipande vya nyavu, uzi wa cherehani. Uzi hujifunga kwenye kidole, kidole kikivimba unazama kwenye nyama usiuone. Loweka, tumia kibano na kimkasi chenye ncha butu, ukate uzi upande wa juu wa kidole. Ukitolewa mapema kidole hupona chenyewe.

Viungo vikivimba na kuonyesha kitu cheupe cha chokaa chini ya ngozi, hiyo inaelekea kuwa jongo, usikikwangue. Kuku anayelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, au aliyepooza huku shingo imepinda, tatizo lake haliko unyayoni. Huyo mtenge na wenzake upesi, umwite afisa mifugo wa kata, kwani huenda ni ugonjwa wa Marek au mdondo.

Limefika wapi?

Kigaga kidogo chenye upana wa milimita tano au pungufu, uvimbe kidogo, kuku anatembea sawa: hili linatibika kwa kuloweka tu, na kiini pengine hutakiona kabisa. Unyayo uliovimba mpaka nyama inachomoza kati ya vidole, kuku anasimama kwa mguu mmoja: hapa kuna kiini, jipange kwa wiki tatu hadi sita. Uvimbe ukipanda kwenye muundi hadi kifundo ambapo magamba yanaishia na manyoya kuanza, au vidole vimevimba vyote, au kuku hali na amekonda kifuani, usianze chochote nyumbani. Maambukizi yamefika kwenye kano na huenda kwenye mfupa.

Vitu vya kuwa navyo

Duka la dawa la kawaida pale Ngamiani au Makorora mjini Tanga litakupa karibu vyote: glavu, povidoni-iodini ya asilimia 10, shashi, bendeji ya upana wa sentimita tano, plasta ya roli, na sirinji ya mililita kumi isiyo na sindano. Ongeza chumvi ya Epsom, ile ambayo wazee huiita haluli. Ukiikosa, chumvi ya mezani inafaa. Asali ambayo haijachanganywa na chochote, ya Handeni au ya kwingineko. Beseni dogo ambalo halitarudi jikoni tena. Kanga kuukuu mbili.

Glavu si mapambo. Bakteria huyu huyu ndiye anayeleta majipu kwa watu, na mwenye kidonda mkononi asimguse kuku huyo kabisa.

Kuloweka

Changanya kikombe kimoja cha maji yanayochemka kwa vikombe vitano vya maji ya bomba. Kwa joto la maji yetu ya huku utapata nyuzi 40 hivi, na kufikia kuku anapoingizwa yatakuwa yamepoa kidogo. Hakikisha kwa kuchovya kiwiko. Kama yanakuchoma wewe, yatamchoma yeye. Kwa kila lita tia vijiko viwili vya chakula vya chumvi ya Epsom, au vijiko viwili vya chai vya chumvi ya mezani. Koroga mpaka ichanganyike yote.

Mfunge kuku kwa kanga mbawa zikiwa zimelala ubavuni, mfunike na macho. Gizani hutulia. Usimbane kifua hata kidogo: kuku hana msuli wa kupumulia chini ya mapafu kama sisi, anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, na ukimkumbatia kwa nguvu unamnyima hewa huku ukidhani umemtuliza. Mkalishe wima, miguu ndani ya maji yanayofunika unyayo na vidole, kwa dakika 15. Maji yakipoa ongeza ya moto pembeni, mbali na mguu. Asiyanywe; haluli ni haluli hata kwa kuku, ataharisha.

Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kila ukimaliza, kausha kwa shashi, pia kati ya vidole, upake povidoni-iodini juu ya kigaga na kukizunguka, uache ikauke, kisha ufunge. Siku ya kwanza na ya pili hutaona badiliko la maana, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakachukua wembe. Vumilia. Kati ya siku ya tatu na ya tano kigaga huanza kunyanyuka kingo.

Swali linaloulizwa sana huku ni kuhusu maji ya bahari, kwamba yana chumvi tayari. Yana chumvi, na yana kila kilichotupwa humo. Hapana.

Kutoa kigaga na kiini

Kazi hii ina watu wawili: mmoja ashike, mmoja afanye. Ifanye mara tu baada ya kuloweka, mchana, penye mwanga. Shika ukingo wa kigaga ulionyanyuka kwa kibano kilichochemshwa dakika kumi, uvute polepole kuelekea katikati. Kikigoma, kiache mpaka jioni. Kinachovutwa kwa nguvu hutoka na ngozi nzima, na badala ya kidonda cha milimita tano unabaki nacho cha sentimita mbili.

Mara nyingi kiini hutoka kikiwa kimening'inia kwenye kigaga. Kisipotoka, weka shashi kila upande wa jipu na ubonyeze kwa vidole gumba viwili kutoka pembeni kwenda katikati, ukishuka chini kidogo, kwa sekunde tano hivi, kisha pumzika. Rudia mara mbili au tatu. Kinachotakiwa kutoka ni cha njano, kimefifia, kinamung'unyuka.

Hapa kuna kosa linalolemaza kuku. Ndani ya unyayo kuna nyuzi nyeupe zinazong'aa, laini, zinazoteleza kwenye kibano. Hizo ni kano za vidole. Mtu akiziona hudhani ni mizizi ya jipu akavuta. Kuku huyo hatakunja vidole tena, na hatashika kichanja maisha yake yote. Kumbuka rangi: kilichofifia kinatoka, kinachong'aa kinabaki. Damu mbichi ikianza kutiririka, simama, hata kama una hakika kuna kipande kimebaki. Bana kwa shashi dakika tano bila kufunua kuchungulia. Kilichobaki kitalegea kwa kulowekwa siku zinazofuata.

Baada ya hapo safisha shimo. Chukua sehemu moja ya povidoni-iodini kwa sehemu kumi za maji yaliyochemshwa yakapoa, ujaze sirinji, umiminie taratibu. Ukisukuma kwa kishindo unapeleka uchafu ndani zaidi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi zinachoma nyama mpya inayojaribu kuota, basi usizitie humo kila siku. GV tunaiacha, kwa sababu inapaka kila kitu zambarau na kesho hutajua kama ngozi ni nyekundu au la. Majivu na chokaa huziba kidonda juu, uchafu ukabaki chini.

Jaza shimo kwa asali kiasi cha kufika ukingoni. Asali hufyonza unyevu na bakteria hawaipendi. Sisimizi wanaipenda, hilo utaliona usiku wa kwanza, na dawa yake iko mbele kidogo.

Kufunga

Kidonda kilicho wazi kwa joto la Tanga kitakuwa na mabuu ya nzi ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo kifunge kila mara. Kunja shashi iwe kijimraba cha sentimita mbili, mkunjo mnene wa kutosha kumpa kuku kitu cha kukanyagia. Iweke juu ya kidonda. Kata bendeji kipande cha upana wa sentimita mbili na nusu, urefu kama sentimita 40. Anzia juu ya mguu, shuka kati ya kidole cha kwanza na cha pili, pita chini ya unyayo, panda nyuma ya kidole cha nyuma, zunguka muundi mara moja, kisha shuka tena kati ya kidole cha pili na cha tatu. Endelea hivyo ukibadilisha nafasi mpaka kila upenyo umepitiwa. Vidole vyote vibaki nje.

Malizia kwa vipande vyembamba vya plasta, upana wa sentimita moja, kwa njia ile ile. Usiizungushe plasta kwenye muundi ukiwa unaivuta. Baada ya saa moja rudi umshike vidole: vikiwa vya baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, fungua yote ufunge upya. Kuku ataudonoa mguu kwa nusu saa hivi kisha atausahau.

Siku tatu za kwanza baada ya kiini kutoka badilisha kila siku, ukiloweka kabla ya kufunga upya. Shimo likianza kujaa nyama ya waridi, acha kuloweka, badilisha kila baada ya siku mbili. Kuloweka kidonda kinachofunga kunakirudisha nyuma.

Pa kumuuguzia

Tenga kubwa, au boksi pana lililotobolewa matundu, ndani maranda makavu au magazeti yanayobadilishwa kila siku. Hamna kichanja, asiruke kabisa. Chakula na maji viwe anapovifikia bila kutembea. Tenga likae juu ya meza, miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji, na sisimizi wamekwisha. Awaone wenzake, hata kama ni kupitia wavu, maana kuku aliyefichwa wiki tatu akirudi hupokelewa kama mgeni.

Antibiotiki

Kapsuli za rangi mbili kumwagwa kwenye kidonda, hili tunaliona kila mahali na tunalipinga. Kipimo hakijulikani, unga hugandamana na damu ukawa kigaga kingine, na unawafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo kesho mwanao ataihitaji. Jipu dogo lililobaki unyayoni halihitaji antibiotiki. Inahitajika pale joto na wekundu vinapopanda mguuni au kuku anapozubaa, na hapo mwenye kuichagua na kuipima ni daktari wa mifugo, kwa uzito wa kuku. Soma siku za kusubiri kwenye lebo. Mayai ya siku hizo hayaliwi wala hayauzwi, na kuku mwenyewe hachinjwi.

Marhamu ya antibiotiki ya kupaka si mbaya badala ya asali, ila hakikisha haikuchanganywa na dawa ya ganzi. Ndege huzidiwa na ganzi kwa kiasi kidogo sana.

Na hicho kisu: ngozi ya unyayo ni nene, mishipa na kano ziko milimita chache chini yake, na nyumbani hamna ganzi iliyopimwa. Kama baada ya wiki mbili za kuloweka kwa uaminifu kigaga hakijalegea na uvimbe haujapungua, mpeleke kwa daktari akakichanje. Kuku wa kienyeji wa kawaida, wengi wataona gharama haistahili, na kumchinja mapema si ukatili. Lakini mguu wenye jipu usiingie kwenye supu, wala usikatiwe kwenye ubao wa jikoni: bakteria hawa huacha sumu isiyoharibika kwa kuchemsha. Aliyekonda na kuzubaa asiliwe kabisa, azikwe.

Wakati anauguzwa, tengeneza banda na ua

Siku alizomo tengani ndizo za kazi hii. Akirudi kwenye kichanja kile kile, jipu litarudi nalo.

Pima urefu wa kichanja. Kwa kuku wepesi wa kienyeji sentimita 60 zinatosha. Kuchi, na chotara wazito kama Sasso na Kuroiler, wasizidi sentimita 45, kwa kuwa uzito wote hutua kwenye nyayo mbili kila alfajiri wanaporuka. Jogoo wa Kuchi ndiye mgonjwa wa kwanza wa banda lolote. Kichanja kiwe mbao ya mbili-kwa-mbili iliyopigwa randa kingo za juu zikawa mviringo, au fito nene iliyomenywa gome na kusuguliwa. Pitisha kiganja chako juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kinachokukwaruza wewe kinamchana yeye. Vichwa vya misumari hasa. Chini ya kichanja tandaza maranda au pumba za mpunga unene wa sentimita kumi. Sakafu ya saruji tupu ni mbaya kwa nyayo hata ikiwa safi.

Unyevu ndio adui wa masika. Chukua konzi ya matandiko, yakamue: yakibaki bonge, yatoe. Chombo cha maji kikae juu ya matofali au kwenye chano yenye kokoto za mviringo, kisilowanishe njia ya kuku. Makuti yanayovuja juu ya kichanja yatatibua kazi ya dawa yoyote uliyonunua.

Kisha tembea uani ukitazama chini. Vipande vya mawe ya matumbawe vilivyobaki kwenye ujenzi vina makali ya kukata. Misumari na waya wa kufungia nondo. Vigae vya chupa, makombe ya chaza yaliyovunjwa vipande vikubwa (ukitaka kuwapa kwa ajili ya mayai, yatwange yawe chenga). Miiba ya hongwe inayotupwa na mabaki ya samaki. Ncha za majani ya mkonge, kama ua wako umezungushiwa mkonge: kila jani huishia kwa mwiba mmoja mgumu, na jani likikauka huanguka nao. Kata ncha hizo kwa panga, uzichome. Michongoma ukiipogoa, zoa matawi siku hiyo hiyo.

Chakula nacho kina sehemu yake. Pumba za mahindi yetu meupe hazina vitamini A ya kutajwa, na bila hiyo ngozi ya unyayo hukauka na kupasuka. Wape mchicha, matembele au majani ya mlonge kila siku, konzi moja kwa kuku watano hivi. Kisamvu kibichi kisiwemo, kina sumu. Na kuku mnene apunguziwe mahindi.

Kumrudisha bandani

Yuko tayari ngozi ikiwa imefunga kabisa, uvimbe umeisha au umebaki kinundu kigumu kisicho na joto, na anasimama kwa mguu ule mara kwa mara bila kuuinua. Kinundu hicho cha kovu kinaweza kubaki miezi, usikichokonoe. Mrudishe usiku, umweke kichanjani kati ya wenzake wakiwa wamelala, na asubuhi uwamwagie chakula sehemu mbili tofauti ili wasipate nafasi ya kumwandama. Siku hiyo hiyo jioni pitia miguu ya banda zima. Ukimpata mmoja, tafuta wa pili, kwa kuwa kilichomchoma mwenzao bado pengine kipo.